Ndege ya misheni ikishaondoka, nani anabaki?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na ndugu zangu Wakristo wa mijini, hasa wale wanaochangishana sasa hivi ili mvua zikikatika wakodi ndege ya misheni, wapakie dawa na wahubiri, waende kufungua makanisa kule ambako gari halifiki.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kliniki za mama na mtoto, na baadhi yake tulizifikia kwa ndege, huku bonde la Yaeda na kandokando ya Ziwa Eyasi, kwa wafugaji Wadatoga na wawindaji Wahadzabe. Hospitali ya Haydom imekuwepo tangu mwaka 1955, ilipofunguliwa na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norwei, lakini masika yakikolea, mgonjwa aliye bondeni anaiona hospitali hiyo iko mbali kama Ulaya. Ndiyo maana nawaheshimu sana watu wa ndege. MAF, shirika la ndege za misheni lililoanzishwa na marubani Wakristo mwaka 1945, lilianza kuhudumu nchini mwetu Tanzania mwaka 1977. Kule Arusha, Padri Pat Patten alianzisha Flying Medical Service, huduma ya tiba kwa ndege, mwaka 1983, na wamama wengi wa Kimasai wamepata chanjo za watoto wao na kubebwa wakiwa mahututi kwa sababu ya huduma ile. Asiyewahi kumuona mama aliyeshindwa kujifungua tangu jana akiingizwa kwenye ndege ndogo, asiniambie kwamba ndege ni anasa.

Kinachoniuma ni mahubiri kuwekwa mbele ya dawa kama kizuizi cha barabarani.

Nitaeleza nilichokiona. Timu moja ilitoka mjini, ikatua kwetu asubuhi. Wanakijiji walikuwa wamefyeka nyasi za kiwanja, wamefukia mashimo ya mhanga, na vijana walikuwa wanaswaga mbuzi nje ya njia wakati rubani anazunguka juu kukikagua. Wanawake walikuwa wamefika tangu alfajiri, wengine wametembea usiku. Mizani ya kuning'iniza tulishaifunga kwenye tawi la mgunga, kadi za kliniki ziko mikononi. Mkuu wa safari akasema tuanze na Neno. Akahubiri kwa Kiswahili, mkalimani akageuza kwa Kidatoga, kila sentensi mara mbili, jua linapanda. Barafu kwenye boksi la chanjo haisubiri wimbo wa mwisho. Rubani naye alishatutajia saa ya kuondoka kabla hatujashusha mzigo, kwa maana kiwanja cha udongo hakina taa.

Mwisho wakaitwa wanaompokea Yesu wanyooshe mikono. Mikono mingi ikapanda, ikahesabiwa, ikaandikwa kwenye daftari. Mama mmoja kijana aliyekuwa karibu yangu, mtoto mgongoni anakohoa, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mama, nisiponyoosha, huyu hatachomwa sindano?" Nikamwambia atachomwa, anyooshe au asinyooshe. Lakini mkono wake ulikuwa umeshapanda, na jina lake limo katika taarifa iliyosomwa kanisani mjini watu wakapiga makofi. Siku hiyo tuliondoka na foleni haijaisha. Wapo waliorudi na watoto wao bila chanjo ya surua.

Yesu aliwaponya wenye ukoma kumi. Akarudi mmoja kushukuru, na wale tisa hakuwanyang'anya afya yao. Basi sisi tumepata wapi ruhusa ya kumfanya mama anunue sindano kwa sala?

Kanisa lililopo pale leo halikutokana na daftari lile. Lilitokana na mwinjilisti, kijana wa Kidatoga mwenyewe, aliyebaki. Alikuwa anajua ng'ombe, anajua kukaa na wazee mpaka waseme wao kwanza. Mtoto akiugua usiku alimsindikiza mama yake hadi zahanati kwa miguu. Kwenye msiba alichimba kaburi pamoja na wenyeji, hata la mtu ambaye hakuwahi kusali naye. Muda mrefu ibada yake ilikuwa yeye, mkewe na bibi mmoja. Watu walipoanza kuja walikuja taratibu, ukoo kwa ukoo, na hakuna aliyewahesabu mikono. Na kwa masikitiko nasema, kijana huyo alikaa miezi mingi bila posho, wakati fedha ya safari moja ya ndege ingemtunza kwa kipindi kirefu.

Kwa hiyo mkienda, ndugu zangu, tibuni kwanza. Ndege kama Cessna 206 inabeba watu watano na rubani, na kila kilo inapimwa, hata ninyi wenyewe mnapanda mizani. Kiti cha mhubiri wa pili mpeni mkunga. Mtaarifuni mganga mkuu wa wilaya mapema, ili chanjo mtakazotoa ziingie kwenye kadi na kumbukumbu za zahanati, na mama ajue dozi inayofuata ataipata wapi na lini. Anayetaka kusikia habari za Yesu atasikia jioni kutoka kwa mtu anayelala pale pale kijijini, kwa lugha yake, bila kuangalia saa.

Na kabla hamjalipia ndege, ulizeni kama kijiji hicho kina mwinjilisti. Kama hakuna, anzeni na huyo: msomesheni mmoja wa wenyeji, mlipeni kila mwezi. Kama yupo, mpigieni simu siku atakayopanda mlimani kutafuta mtandao, mumuulize anahitaji nini. Niliyemtaja mimi aliomba pikipiki, mafuta yake, na kisanduku cha huduma ya kwanza.

Muuguzi mstaafu,
Mbulu, Manyara