Risala ya Vijana wa Kipaimara kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Baba Askofu. Wachungaji, wazazi na walezi wetu,

Bwana Yesu asifiwe!

Sisi vijana tunaohitimu mafundisho ya kipaimara tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Karibu sana.

Baba Askofu, mwaka huu tumejifunza historia ya ibada, tukagundua kwamba Kanisa limekuwa likibadilika tangu mwanzo. Mnamo mwaka 49 hivi, mitume na wazee walikutana Yerusalemu wakaamua watu wa mataifa wasitwishwe mzigo wa tohara. Ubatizo haukuguswa. Hata Kilatini, tunachokiona cha kale mno, kiliingia katika ibada za Roma kwa sababu waumini wengi walikuwa hawakielewi tena Kigiriki. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulipofungua mlango kwa lugha za watu mwaka 1963, ulipita njia iliyokwisha kupitwa.

Kisha tukafika kwa Yustino Mfiadini, mwalimu Mkristo wa karne ya pili. Mnamo mwaka 155 hivi, akiwa Roma, alieleza Jumapili ya Wakristo: yanasomwa maandiko ya mitume au ya manabii kadiri muda unavyoruhusu, kiongozi anahubiri, wote wanasimama kuomba, unaletwa mkate, na divai na maji, kisha mashemasi wanawapelekea wasiokuwepo. Sadaka inawasaidia yatima, wajane na wagonjwa. Tulipomaliza kusoma, darasa zima lilikaa kimya. Ilikuwa ibada yetu ya Jumapili iliyotangulia, ukiondoa vipaza sauti.

Ndiyo maana gitaa halitutishi, wala Biblia iliyo kwenye simu. Linalotugusa ni jingine. Mwaka 2020, makanisa yalipofungwa sehemu nyingi duniani kwa sababu ya korona, ibada zilihamia mtandaoni. Neno lilitufikia, nyimbo zilitufikia, mkate haukutufikia. Bibi wa mwenzetu alitandika kitambaa cheupe mezani, akaiegemeza simu kwenye kikombe, akakaa amefumbata mikono, anautazama mkate kwenye kioo mpaka mwisho. Milango ilipofunguliwa, miguu yake ilikuwa imeshachoka. Mpaka leo anasali na kile kioo. Matangazo hayo ni msaada mkubwa na tunawashukuru wanaoyarusha, lakini mashemasi wa siku za Yustino walifika mpaka mlangoni.

Baba Askofu, vijana tunaulizwa sana tunataka Kanisa libadilishe nini. Leo tunaomba vya kale. Tunaomba tufundishwe maana ya kila ishara ya ibada kabla haijakatwa ili watu watoke mapema. Kule kukatakata kunatuuma. Na tunaomba kuandamana na wachungaji wanapowapelekea wagonjwa na wazee Meza ya Bwana. Tutatandika kitambaa, tutasoma somo, tutaimba nyimbo wanazozijua wao. Majina ya wazee kumi na mmoja tumeyaambatanisha na risala hii, la bibi yule likiwa la kwanza.

Tunaomba kuwasilisha.