Kamba si samaki wa magamba

Mhariri,

Naomba nafasi nilalamikie neno moja. Wiki iliyopita ukurasa wenu wa afya uliwaonya wenye mzio wajiepushe na "samaki wenye magamba". Binti wa dada yangu, ambaye midomo humvimba akila kamba, alilisoma onyo hilo kwa makini. Jioni nikamkuta jikoni: changu kawarudisha kwenye friji, na sufuriani kamba wa nazi wanatokota. Nikawahi kuiepua. Kosa si lake. Mwenye magamba ni changu. Ukimpara yanakurukia mpaka usoni. Kamba utamparia wapi?

Bila shaka mwandishi alitafsiri Kiingereza kipande kwa kipande. Zamani Waingereza waliita samaki karibu kila kiumbe cha majini, ndiyo maana mpaka leo kwao kaa, kamba na chaza ni samaki wa gamba, na yule mwenye ncha tano ni samaki nyota. (Sisi tunamwita kiti cha pweza, jina nisiloweza kulibadilisha na lolote.) Gamba la kaa lipo, sikatai, hata kobe analo. Ila ukitaja samaki wa magamba, mnunuzi yeyote sokoni anamwona changu, na Msabato anakumbuka Walawi 11, inayoruhusu chenye mapezi na magamba tu. Yaani kaa na kamba, wanaokataliwa pale kwa kukosa magamba, ninyi mmewabatiza kwa magamba hayohayo!

Na hili ni suala la tiba. Wengi wenye mzio wa kamba hudhuriwa na protini iitwayo tropomayosini, ambayo kaa naye anayo. Mzio wa samaki kwa kawaida huletwa na protini nyingine, hivyo wapo wengi wasiogusa kamba ila changu wanamla bila shida.

Majina tunayo: kamba, kambakoche, kaa, chaza, kome, kombe. Tunao na uduvi, wale kamba wadogo sana, ambao wakishakaushwa mtu wa bara aweza kuwadhania dagaa wadogo. Mama anayeshuka ufukweni na kapu lake wakati wa bamvua, ukimuuliza anafuata nini, atakwambia chaza, au kombe.

Naomba onyo lile lichapishwe upya, viumbe hao wakitajwa mmoja mmoja, na uduvi wasisahauliwe.

Msomaji wenu,
Tanga