Jumamosi: rangi za Kells na Lindisfarne

Habari za jioni wanakikundi,

Jumamosi hii tunafungua vitabu viwili vya kale: Kitabu cha Kells, nakala ya Injili iliyoandikwa na kupambwa kwa mkono, kilichoko Trinity College, Dublin, na Injili za Lindisfarne, nazo za mkono, zilizoko British Library, London. Najua wapo wanaonung'unika kwamba historia imeingilia darasa la uchoraji. Vumilieni, hapa haviachani.

Kells kilichorwa takriban mwaka 800 juu ya ngozi ya ndama. Ile njano inayomeremeta si dhahabu, ni madini yenye aseniki. Ni sumu, kwa hiyo sisi tutatumia rangi za dukani! Nyekundu ilitokana na madini ya risasi, kijani na shaba. Buluu ilidhaniwa kwa muda mrefu kuwa jiwe la Afghanistan. Uchunguzi wa karibuni umeonyesha ni rangi ya mmea. Mimi hilo ndilo linanivutia zaidi: jani tu, likatoa buluu ile.

Mwaka 1007 Kells kiliibwa, kikapatikana kimefukiwa ardhini, jalada lake la dhahabu limenyofolewa. Enzi za Cromwell, jenerali wa Uingereza aliyeivamia Ireland, kikapelekwa Dublin kwa usalama. Lindisfarne, kisiwa cha Uingereza chenye monasteri, tutaigusa kwa kifupi, hasa uvamizi wa Waviking (mabaharia wavamizi wa Skandinavia) wa mwaka 793.

Trinity wameweka kurasa mtandaoni bure. Tafuteni ukurasa wa Chi Rho katika Kells (herufi za Kigiriki za jina la Kristo), muukuze kwenye simu, mtawaona paka na panya.

Leteni brashi nyembamba kabisa na karatasi nzito. Mwenye bikari ya ziada aseme hapa, maana zilizopo hazitoshi.