Risala ya Kikundi cha Wakuza Fuwele kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha kwenye maonesho yetu. Tunaomba tukueleze fuwele zilizo mezani, yaani vipande vigumu ambavyo atomu zake zimejipanga kwa mpangilio unaojirudia, zimepatikanaje.

Njia iliyozoeleka zaidi ni kusaga na kuchoma. Kwa titaneti ya bari, gramu 19.73 za kaboneti ya bari husagwa pamoja na gramu 7.99 za dioksidi ya titani, zikachomwa ndani ya krusibo (chungu kidogo cha kuchomea) ya alumina kwa nyuzi 1,100 za Selsiasi, kisha zikasagwa na kuchomwa tena. Kusaga mara ya pili kusirukwe. Mmenyuko huanzia pale punje mbili zinapogusana, na tabaka linalozaliwa hapo huzizibia njia atomu zilizo nyuma yake. Kusaga hufungua migusano mipya. Lakini mwisho wa yote unabaki na unga.

Anayetaka fuwele ya kushikika kwa koleo husafirisha dutu kwa mvuke. Vile vibapa vyeusi vya salfidi ya tantali, yaani metali ya tantali iliyoungana na salfa, vilikua ndani ya neli ya silika (aina ya kioo kinachohimili joto) iliyozibwa, yenye urefu wa sentimita 15 hivi. Ndani huwekwa unga wa tantali na salfa pamoja na iodini, miligramu 2 hadi 5 kwa kila sentimita ya ujazo. Iodini huungana na tantali kuwa gesi kwenye ncha ya moto, na kwenye ncha iliyopoa kidogo huiachia ijipange upya pamoja na salfa.

Mheshimiwa, kazi nyingi huharibika kabla tanuri haijawashwa. Neli isipokaushwa kwa joto, unyevu huishambulia silika na kuchafua fuwele. Pampu ya kuondoa hewa ikiwashwa kabla kitako cha neli hakijapozwa kwa naitrojeni kimiminika, iodini yote huvutwa nje. Neli huonekana salama, ukaifungua baada ya wiki mbili ukakuta unga uleule. Iodini ikizidi, gesi huzunguka kwa kasi na kuzaa vifuwele vingi vibovu. La hatari zaidi ni salfa, ambayo huchemka kwenye nyuzi 445: joto likipandishwa haraka kabla haijaungana na metali, shinikizo huipasua neli. Ndiyo maana tunasimama kwenye nyuzi 400 siku nzima, tena nyuma ya ngao.

Zipo pia fuwele zinazokuzwa ndani ya bati lililoyeyuka, likapozwa nyuzi chache kwa saa, kisha likatenganishwa kwa mashinepewa (mashine inayozungusha kwa kasi) lingali la moto. Ukichelewa sekunde chache kutoka tanurini, bati huganda juu ya fuwele, nawe unabaki kuliyeyusha kwa asidi. Silikoni ya vifaa vya kielektroniki huvutwa taratibu kutoka kwenye silikoni iliyoyeyuka kwa fuwele mbegu, yaani fuwele ndogo ya kuanzishia, njia iliyogunduliwa na mkemia wa Poland, Jan Czochralski, mwaka 1916. Mtambo huo hatuna.

Ombi letu ni moja: kidhibiti joto chenye programu. Tanuri yetu hupoa kwa kuzimwa, na joto likianguka ghafla mbegu huzaliwa maelfu kwa mpigo, zikagawana dutu iliyotosha fuwele tatu au nne nzuri. Tukipata kifaa cha kushusha nyuzi 2 kwa saa usiku na mchana, tutaanza na bati.

Tunaomba kuwasilisha.