Krimu ya ujana, bei ya mbuzi

Mhariri,

Mwezi uliopita duka moja hapa Mwanga, Kigoma, liliniuzia krimu ya "kurudisha ujana" kwa shilingi 95,000. Kikopo kizito, kumbe ni unene wa kitako; krimu yenyewe haifiki vijiko vitatu. Wanajisifia kolajeni, yaani protini inayoipa ngozi uimara, lakini molekuli zake ni kubwa mno kupenya ngozi. Inabaki juu, inalainisha kama mafuta mengine, na makunyanzi yanarudi ukishanawa. Chenye ushahidi ni tretinoini, dawa ya kupaka ya jamii ya vitamini A, nayo ni ya kuandikiwa na daktari, pamoja na kujikinga na jua, maana mionzi yake huchangia sana kuzeesha ngozi. Mama yangu kule Ujiji anajipaka mise tu, mafuta ya kokwa za michikichi, na ananicheka. Wauzaji wabanwe waandike kiasi cha kila kiambato.

Msomaji,
Mwanga, Kigoma