Hofu ya New York kurasa mbili, hofu ya Magarini mistari mitano

Bwana Mhariri,

Mimi sio mtu wa kuandikia magazeti. Nimewasoma tangu ujana, wakati gazeti likifika Malindi mchana limeshakunjwa kunjwa, na mengi nimeyameza kimya. Lakini ile makala yenu ya Jumapili kuhusu filamu ya Spike Lee ya mwaka 1999, Summer of Sam, ile ya New York ya 1977 "jiji likitetemeka" kwa muuaji wa risasi, imenishinda. Kurasa mbili nzima! Picha ya bastola, picha ya muuaji anatabasamu, habari za mbwa ambaye muuaji alidai anamtuma, barua alizoandika, utadhani anagombea kiti.

Kwanza sijui mwandishi wenu aliangalia filamu gani. Mimi nimeiona, kijana wangu alinitilia kwenye flashi, na huyo muuaji wenyewe, David Berkowitz, mle ndani haonekani sana. Filamu yenyewe ni ya vijana wa mtaa wa Waitaliano kule Bronx, wamekaa maskani wanaandika orodha ya nani huenda ndio muuaji, na kumbe wanaoandikwa ni wale wale waliokuwa hawawapendi tangu zamani. Mwisho wanamgeukia mwenzao waliyekua naye pamoja, kosa lake kasimamisha nywele na anapiga muziki wasiouelewa. Wanampiga na muuaji mwenyewe saa hio keshakamatwa. Hio ndio hadithi, na kwenye kurasa zenu mbili haimo hata kidogo.

Alafu nywele. Hapo ndipo niliposhika kalamu. Mwandishi wenu kaandika kwa kustaajabu ati wasichana waliopigwa risasi wengi walikuwa na nywele ndefu nyeusi, kwa hio wanawake wa New York wakazikata, wakazipaka rangi, wakavaa wigi. Ni kweli. Risasi zilianza Julai 1976, wakafa watu sita na saba wakajeruhiwa, na hofu ile sina la kuikebehi. Lakini Bwana Mhariri, kwani ni lazima mtu avuke bahari ndio aone watu wanabadilisha nywele ili wasiuawe? Mjomba wangu anaishi upande wa Magarini, mzee wa watu, alikuja kwangu hapa Malindi asubuhi moja bila kupiga simu, hata chai hakunywa, akaniambia mwanangu nipeleke kwa kinyozi. Nikamtania, mjomba umepata mke nini? Hakucheka. Akasema mjukuu wa jirani amekufa kwa homa, na kule matangani watu wanamwangalia kichwa, mwenye mvi ndio mchawi. Tukaenda. Yule kinyozi hata hakuuliza, alitoa kipakiti cha piko, ile rangi nyeusi ya nywele, chini ya kioo akaanza kukoroga, akasema wazee wa huko ndani ndio wateja wake siku hizi, wengine wanataka na ndevu na nyusi. Mzee ambaye enzi zangu mvi zake ndizo zilizokuwa zinamaliza ugomvi wa ukoo mzima, leo anakaa kwenye kiti cha kinyozi kafumba macho apakwe weusi kama bwana harusi! Na msiniambie habari ya uchawi, manake uchawi huku huanza kuonekana pale shamba linapopata mnunuzi. Wiki hio hio kuna kijana wa ukoo wetu alikuwa keshaonyesha watu mipaka ya shamba la mjomba, mzee akiwa bado hai. Wazee wangapi wamekatwa mapanga Kilifi hii kwa mtindo huo, na wengine wamekimbilia Kaya Godoma kule Ganze, kituo cha kuwahifadhi wazee, wanaishi kama wakimbizi, mashamba yao yanalimwa na waliowafukuza. Nyinyi mzee akiuawa mnaandika mistari mitano, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la magodoro, na kichwa cha habari "mshukiwa wa uchawi auawa". Mshukiwa! Aliyeuawa ndio mshukiwa, na waliomuua wanaitwa vijana wenye hasira.

Tena mmesifia giza la Julai 1977, jinsi stima ilivyokatika New York usiku ule watu wakavunja maduka. Sisi stima ikikatika mtaani hata mbwa habweki, tumezoea. Taa ya barabarani mbele ya nyumba yangu ilikufa zamani, nimepiga simu mpaka sauti ya yule dada wa "tafadhali subiri" naijua nikiisikia sokoni, na giza likishaingia tuktuk nao wanadai bei mara mbili ati njia mbaya. Hilo nalo mtaandika lini?

Mnajua huyo Berkowitz alinaswa vipi? Kwa tikiti ya kuegesha gari kando ya bomba la zimamoto, Brooklyn. Polisi wakaifuata hio karatasi, Agosti 10 1977 akashikwa. Sio orodha ya maskani iliyomshika. Na mwaka huo huo jimbo la New York likapitisha sheria muuaji asile pesa za hadithi yake, Mahakama ya Juu ya Marekani ikaja kuitupa mwaka 1991. Bas nyinyi hata hamkumlipa, mmemtangaza bure.

Kwa hio ninachoomba ni hiki. Mchukueni huyo mwandishi mpenda filamu, mpandisheni basi, akae kwa kinyozi huyu wangu siku ya soko kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Asiulize kitu. Ahesabu tu vipakiti vya piko. Alafu mumpe kurasa mbili zile zile, ukubwa ule ule, na picha ziwe za hati za mashamba, na majina ya wanunuzi. Nauli ya kuja nitamtumia mimi, ya kurudi ajitegemee.

Msomaji wenu,
Malindi