Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Utafiti Utufuate Hadi Nyumbani

Ndugu wanachama tunaoishi na jeraha la uti wa mgongo, wazazi na wenza mnaotuhudumia, wataalamu mlioitikia mwaliko wetu, nawasalimu nyote.

Kwa niaba ya Kamati Tendaji nawasilisha taarifa ya mwaka. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina na majina ya wanachama wapya yako kwa katibu, kwa hiyo hayo nayapita. Nafasi yangu karibu yote naitumia kwa jambo lililotushughulisha kuliko mengine yote: utafiti wa pamoja, wa hospitali nyingi, wa kuboresha huduma kwa walioumia uti wa mgongo, ule mkanda wa neva uliomo ndani ya mifupa ya mgongo, na mahali petu ndani yake.

Kabla ya hapo, tunyamaze kidogo kuwakumbuka wenzetu tuliowazika mwaka huu. Hakuna aliyeuawa na ule mgongo uliovunjika. Waliondolewa na vidonda vilivyoingia hadi mfupani na figo zilizoshindwa, muda mrefu baada ya kuruhusiwa kutoka wodini. Naomba mlishike hilo, maana hoja yangu yote inatoka hapo.

Tunazo takwimu za kwetu wenyewe, na kila mwanachama anapaswa kuzijua. Haleluya Moshi, mtaalamu wa fiziotherapia wa KCMC, hospitali ya rufaa iliyopo mjini Moshi, alishirikiana na Chuo Kikuu cha Umeå cha Sweden kuchambua mafaili ya wagonjwa waliolazwa KCMC kwa miaka 5, kuanzia 2010 hadi 2014. Karibu nusu yao walikuwa wameanguka, wengi wakitoka juu. Ajali za barabarani zilichukua takriban 4 kati ya kila 10. Karibu robo ya waliolazwa walifia hospitalini. Sisi tunaoishi mkoani Kilimanjaro hatushangai. Wengi tuliomo humu ndani tuliumia tukikata majani ya ng'ombe au tukivuna parachichi. Lakini kabla ya mafaili yale kuhesabiwa, ukimweleza mtu wa mipango kwamba mti ni hatari kuliko gari, alikuchukulia kama mpiga hadithi. Sasa kuna karatasi ya kumwekea mezani.

Kazi ile haikuishia wodini, iliendelea hadi vijijini kuangalia watu wanaishije. Hapo ndipo ninapoisifu zaidi. Daftari la hospitali hufungwa siku mgonjwa anaporuhusiwa, na sisi maisha yetu mapya huanza siku hiyohiyo. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2013, lilisema mtu mwenye jeraha la uti wa mgongo ana uwezekano wa kufa mapema mara 2 hadi 5 kuliko asiye nalo, na kwamba hali ni mbaya zaidi katika nchi za kipato cha chini. Vifo hivyo vya mapema vinatokea wapi? Kwa tunavyoona sisi, vingi vinatokea nyumbani, kitandani, ambako hakuna anayeandika.

Wengine mmeniuliza kwa nini tunasisitiza utafiti wa hospitali nyingi wakati KCMC ipo na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ipo. Majeraha haya hayafanani. Yupo aliyeumia shingo, yupo aliyeumia kiuno, yupo aliyebakiwa na hisia kidogo na yupo asiye nazo kabisa. Hospitali moja ikiwagawa wagonjwa wake kwa makundi hayo, kila kundi linabaki na watu wachache mno kuthibitisha lolote. Hata Marekani na Kanada ilibidi hospitali 6 ziungane ili kujibu swali moja tu: je, kupasuliwa haraka kunasaidia? Waliandikisha wagonjwa 313 walioumia shingo. Matokeo yaliyotoka mwaka 2012 yalionyesha kwamba waliopasuliwa kabla ya saa 24 kupita, 19.8% walipanda ngazi mbili au zaidi katika kipimo cha nguvu na hisia. Kwa waliocheleweshwa, ni 8.8%.

Sasa angalieni hali ya kwetu. MOI, ikishirikiana na chuo cha tiba cha Weill Cornell cha New York, imekuwa ikiandika wagonjwa wa majeraha ya mgongo katika rejista maalumu tangu mwaka 2016. Kinachoonekana ni kwamba hapa tunahesabu siku na majuma kabla ya upasuaji, wakati wenzetu wanahesabu saa. Madaktari wetu wana ujuzi. Kinachowachelewesha wagonjwa ni rufaa ya hospitali baada ya hospitali, foleni ya kipimo cha picha cha MRI, na vyuma vya kuungia mifupa ambavyo familia huambiwa ivinunue kwanza. Ucheleweshaji huo ukiandikwa, kila hatua na saa zake, Wizara inaweza kuulizwa ni hatua ipi ianze kurekebishwa. Usipoandikwa, lawama humwangukia daktari wa zamu.

Na kuna saa zinazopotea hata kabla ya hospitali. Mtu akianguka, majirani kwa upendo wao humbeba mzobemzobe, huyu mikono yule miguu, wakampakia kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Mgongo uliokuwa umepasuka tu unaweza kumaliza kukatika njiani. Hakuna anayejua ni wangapi miongoni mwetu tulipooza kwa kuanguka na ni wangapi tulipooza kwa kubebwa. Swali hili limetoka kwa wanachama, na tumeomba liwekwe katika dodoso la mgonjwa anapopokelewa: ulibebwaje, na nani, kwa chombo gani?

Kuhusu vidonda vya mgandamizo, yaani vya kulalia au kukalia sehemu moja muda mrefu, na kuhusu mkojo usiotoka vizuri hadi ukaharibu figo, nitasema zaidi kidogo, mnivumilie. Mwaka 1944, Ludwig Guttmann alipofungua wodi ya uti wa mgongo Stoke Mandeville, Uingereza, wanajeshi waliopooza walichukuliwa kuwa watu wa kusubiri kifo. Hakuwa na dawa ya kuunganisha uti, na mpaka leo haipo. Aliagiza wageuzwe kila baada ya saa 2, mchana na usiku, kibofu kihudumiwe kwa usafi, wafanye mazoezi na wapewe kazi. Wakaishi. Kinachotuua sisi leo kinazuilika kwa mambo yaliyojulikana miaka 80 iliyopita. Kinachohitaji kuchunguzwa ni namna ya kuyafanya mambo hayo katika nyumba zetu: mama mmoja atamgeuzaje mtu mzima usiku kucha peke yake, mto wa kiti mwendo uundwe kwa kitu gani kinachopatikana sokoni, mpira wa kutolea mkojo utumiweje kwa usafi pale ambapo maji ni ya kuchota. Haya hayatajibiwa na maabara ya ng'ambo. TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi, iko hapahapa Moshi na imefundisha mafundi hao tangu miaka ya 1980. Washirika wa kuyajibu tunao.

Wakati mwingine watafiti na wagonjwa hawataki kitu kimoja. Mwaka 2004, Kim Anderson, mtafiti wa Marekani ambaye mwenyewe anaishi na jeraha hili, alichapisha majibu ya watu 681. Karibu nusu ya waliopooza mikono na miguu walitaka kwanza mikono irudi. Waliopooza miguu tu walitaja tendo la ndoa kabla ya kutembea. Mkojo na choo vilikuwa juu kwa makundi yote mawili. Naliweka wazi mbele ya mkutano, japo wazee wataniwia radhi, kwa sababu ndoa zinavunjika humu kimyakimya na hakuna kliniki inayouliza.

Nimeulizwa pia kuhusu tiba mpya. Ipo iliyojaribiwa katika vituo 14 vya Marekani, Kanada na Ulaya, ya kusisimua uti kwa umeme kupitia ngozi ya shingo huku mtu akifanya mazoezi ya mikono. Kati ya watu 60, 72% walipata nafuu ya nguvu na utendaji wa mikono, na matokeo yalichapishwa mwaka 2024. Wote walikuwa na majeraha ya shingo ambayo hayakukata mawasiliano yote. Ni habari njema na ya kweli. Wanaotupigia simu kuuza sindano za seli shina, yaani seli changa zinazodaiwa kuotesha uti upya, nje ya nchi hawana ushahidi wa namna hiyo. Msiuze shamba.

Nahitimisha kwa hoja tatu za kupigiwa kura. Ya kwanza, chama kiziandikie rasmi KCMC na MOI kuomba rejista ya pamoja inayoendelea kumfuata mgonjwa kwa miaka 2 baada ya kuruhusiwa, wanachama wetu wakijitolea kutembelea nyumba. Ya pili, chama kisiunge mkono utafiti wowote usio na kibali cha maadili cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, usiompa mwanachama wetu kiti tangu maswali yanapotungwa, au usiolipa nauli ya mshiriki na msaidizi wake. Ya tatu, kila mtafiti aliyepita kwetu aje kusoma matokeo yake kwa Kiswahili katika mkutano huu kabla hajaomba kuanza kazi nyingine.

Karatasi za kura ziko mezani kwa katibu. Wasioweza kushika kalamu watasaidiwa na mtu waliyemchagua wenyewe.